Je, mlezi wa Rapunzel alimpenda mwana au alimlaghai?

SWALI hilo niliulizwa Jumapili moja jioni nikiwa jikoni nachambua sukuma wiki.

Binti yangu, mwenye umri wa miaka 12 na mwanafunzi wa Gredi ya Sita, alikuwa ametoka kutazama filamu ya katuni ya Tangled, ile inayosimulia kisa cha Rapunzel, msichana mwenye nywele ndefu aliyefungiwa mnarani. Sijui ilikuwa mara yake ya ngapi kuitazama. Alikuja akaegemea mlango, mikono nyuma.

“Mama, huyu Mama Gothel alikuwa anampenda Rapunzel au alikuwa anamdanganya tu?”

Nilijibu haraka, jinsi wazazi tunavyojibu tukiwa na kisu mkononi. Nilimwambia kuwa Gothel ni mchawi, na mchawi hampendi mtu.

Hakuridhika. “Lakini alimpikia supu anayoipenda. Tena akaenda safari ya siku tatu kumtafutia rangi za kuchorea. Mtu asiyekupenda anaweza kwenda safari ya siku tatu kwa sababu ya rangi?”

Mkono wangu ulisimama. Mpenzi msomaji, nina sababu yangu ya kuliogopa swali hilo, na nitaieleza kabla ya makala haya kufika tamati. Usiku huo niliahirisha jibu, na siku zilizofuata nikafanya lile ambalo mwandishi aliyebanwa hulifanya. Nilienda kusoma.

Mtoto kwa mboga

Kisa cha Rapunzel kilienea duniani kupitia ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliochapisha mkusanyo wao wa ngano mnamo 1812. Rapunzel ni ngano ya 12 katika kitabu hicho.

Mume na mke walikuwa wametamani mtoto kwa miaka mingi. Hatimaye mke alishika mimba. Siku moja alichungulia dirishani, akaona mboga ya majani iitwayo rapunzel katika bustani ya jirani, akaitamani hadi akaanza kudhoofika. Bustani hiyo ilizungushiwa ukuta mrefu, na mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye nguvu za uchawi.

Mume aliparamia ukuta, akaiba mboga. Mke alipoila, hamu yake ikazidi. Mume aliporudi mara ya pili, akanaswa.

Mwenye bustani hakumdhuru. Alimruhusu achume mboga kiasi alichotaka kwa sharti moja, kwamba mtoto akizaliwa awe wake. Aliahidi kumtunza kama mama. Baba, kwa woga, akakubali.

Hapo wasomaji wengi hupita haraka. Wazazi waliomzaa Rapunzel walimtoa kwa mboga. Aliyemlisha, kumvisha na kumkuza ni yule jirani anayeogopwa. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na kwa kipimo hicho mwanamke huyu aliifanya kazi yenyewe. Hakuna mahali ngano hiyo inaposema kwamba alimpiga mtoto au kumnyima chakula.

Hata hilo jina Gothel, ambalo masikioni mwetu linasikika kama la mchawi, asili yake si jina la mtu. Katika lahaja za Kijerumani ni neno la kumwita mama wa ubatizo.

Rapunzel alipotimu miaka 12, mlezi alimfungia katika mnara msituni, usio na mlango wala ngazi, ila kidirisha kimoja tu juu kabisa. Akitaka kuingia, alisimama chini na kumwita msichana ateremshe nywele zake, kisha akazikwea.

Ndugu Grimm hawakueleza kwa nini ilikuwa miaka 12 na si minane au 20. Mzazi yeyote mwenye binti wa umri huo anaweza kujaza pengo hilo mwenyewe. Huo ndio umri ambao mtoto huanza kutazama ng’ambo ya lango.

Aidha, tazama jinsi mnara huo ulivyofanya kazi. Mlezi hakuweza kuingia bila nywele za msichana. Kama Rapunzel angekataa kuziteremsha, mlezi angebaki chini akiita. Aliyemfunga mwenzake alikuwa akimtegemea yule aliyemfunga.

Mwana wa mfalme naye aliigundua njia hiyo, akawa akipanda usiku. Siri ilipofichuka, mlezi hakuzungumza kama tajiri aliyeibiwa mali. Alizungumza kama mzazi aliyeamini kwamba amemtenga mwanawe na dunia yote, kisha akagundua kuwa mwanawe amemficha jambo. Alizikata nywele za Rapunzel na kumtupa nyikani peke yake. Mwana wa mfalme aliruka kutoka dirishani na miiba ikampofusha macho.

Miaka ilipita kabla ya wapenzi hao kukutana tena, Rapunzel akiwa na watoto mapacha. Machozi yake yalimrudishia mumewe uwezo wa kuona.

Na mlezi? Ngano haisemi lolote zaidi. Katika kitabu hicho hicho, malkia anayemwonea Snow White huvishwa viatu vya chuma chenye moto na kucheza hadi afe. Mlezi wa Rapunzel hapewi adhabu yoyote. Msimulizi anamwacha mnarani bila mtoto, kana kwamba hakujua amhukumu vipi.

Walezi watatu

Ndugu Grimm hawakuwa wa kwanza kukisimulia kisa hiki. Mtaliano Giambattista Basile alikuwa na ngano kama hiyo katika kitabu kilichoanza kuchapishwa Naples mnamo 1634, miaka miwili baada ya kifo chake. Msichana wake anaitwa Petrosinella, na mlezi ni zimwi la kike. Hakuna swali la mapenzi hapo. Msichana anatoroka na mpenzi wake, zimwi linawafukuza, na mwishowe linamezwa na mbwa mwitu.

Katika miaka ya mwisho ya karne hiyo, Mfaransa Charlotte-Rose de Caumont de La Force aliandika Persinette. Mwandishi huyo alijua kufungiwa ni nini, kwani mnamo 1697 Mfalme Louis wa 14 alimwondoa katika ikulu na kumpeleka akaishi katika nyumba ya watawa.

Mlezi katika hadithi yake ni mwanamke wa miujiza anayempenda mtoto kwelikweli. Anamfungia kwa kuwa amegundua kuna ajali inayomngoja duniani, na anataka kumwepusha nayo. Mnara wake ni wa fedha. Ndani kuna mavazi mazuri, vito, vitabu, rangi za kuchora na ala za muziki. Kila kitu kimo, isipokuwa njia ya kutokea.

Siri inapofichuka, mlezi huyo naye hukasirika na kuadhibu. Persinette anapokutana tena na mpenzi wake, mlezi anaendelea kuwaandama. Chakula wanachogusa kinageuka mawe, na mboga zinageuka vyura na nyoka. Wazazi hao na watoto wao wachanga wanakumbatiana wakingoja kufa.

Hapo moyo wa mlezi unageuka. Anakumbuka jinsi alivyompenda msichana huyo. Anakuja kwa gari la dhahabu, anawapakia wote, na kuwapeleka kwenye jumba la mfalme, babake kijana. Mwenyewe ndiye anayemkabidhi mwanawe kwa watu wengine.

Hadithi hiyo ya Kifaransa ilitafsiriwa kwa Kijerumani na Friedrich Schulz mnamo 1790, na ndiyo iliyowafikia ndugu Grimm. Hata hivyo, walipoipokea, ule mwisho wa mlezi kujuta haukuwemo tena katika masimulizi yao. Isitoshe, katika chapa ya 1812 bado walimwita mwanamke wa miujiza, lakini kufikia chapa ya mwisho ya 1857 alikuwa amekuwa mchawi.

Hawakuishia hapo. Mwaka wa 1812, aliyetaka Snow White auawe alikuwa mama aliyemzaa. Katika chapa ya 1819 akawa mama wa kambo. Mama wa Hansel na Gretel naye alibadilishwa vivyo hivyo baadaye. Wataalamu wengi wanaeleza kuwa nia ilikuwa kulinda heshima ya mama mzazi machoni pa watoto.

Matokeo yake ni kwamba tulirithi ngano ambamo mama aliyezaa hupenda tu na mama asiyezaa huchukia tu. Nyumba nilizozijua mimi si hivyo, hata hii yangu.

Supu na rangi

Filamu ya Tangled, iliyotolewa na Disney mnamo 2010, ilimrudisha mlezi huyu kwa sura mpya. Sauti yake iliigizwa na Donna Murphy. Safari hii Gothel hapewi mtoto. Anamwiba kutoka ikulu. Nywele za mtoto zina nguvu ya kuponya na kurudisha ujana, na Gothel, ambaye ameishi miaka mingi kuliko anavyostahili, hawezi kuishi bila nywele hizo.

Niliketi na binti yangu tukaitazama tena, safari hii nikiwa na kalamu. Hila za Gothel si za fimbo. Anamtania Rapunzel kuhusu mwili na akili yake, kisha anamwambia ni mzaha tu. Anamhesabia hatari za dunia moja baada ya nyingine: wezi, majambazi, magonjwa. Rapunzel akithubutu kuomba ruhusa ya kutoka, Gothel anajifanya yeye ndiye aliyeumizwa. Msichana anaishia kuomba msamaha kwa sababu ya ombi lake mwenyewe.

Mtazame pia anapombusu. Midomo yake huelekea kwenye nywele.

Hata hivyo, mwanangu alikuwa na hoja. Supu ilikuwepo. Safari ya siku tatu ilikuwepo, kwenda kutafuta rangi inayotokana na kombe nyeupe. Na mwishoni, Gothel anapoporomoka kutoka dirishani akiwa amezeeka ghafla, Rapunzel ananyoosha mkono kutaka kumshika. Msichana huyo ameshajua kwamba aliibwa na kudanganywa kwa miaka 18, lakini mkono wake bado unamkumbuka mama.

Kuna mlezi mwingine wa Rapunzel anayestahili kutajwa, yule wa tamthilia ya muziki Into the Woods ya Stephen Sondheim na James Lapine, iliyofika Broadway, New York, mnamo 1987. Katika filamu ya 2014 aliigizwa na Meryl Streep. Huyu hamfungii msichana kwa ajili ya nywele zake. Anampenda msichana, na anamfungia kwa sababu anaiogopa dunia kwa niaba yake. Jukwaani, msichana huyo hufa baada ya kutoroka, na mchawi hubaki akiomboleza kama mama yeyote aliyefiwa.

Nilipofunga vitabu, niliona kuwa jibu langu la jikoni lilikuwa la uvivu. Nilikuwa nimedhani hila hutoka kwa asiyependa. Walezi hawa, ukimtoa zimwi wa Basile, walikuwa na kitu cha kupoteza. Hofu ya kuachwa ndiyo iliyowafundisha uongo.

Simu niliyoizima

Sasa nilipe deni langu kwa msomaji.

Mtoto huyu ninayemwita binti yangu sikumzaa. Ni mwana wa dadangu mkubwa, aliyefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mtoto alikuwa na miaka miwili. Babake alikuwa ametangulia kuaga kwa ajali ya barabarani. Kwa hivyo mimi ni mama mdogo, ingawa hilo neno ‘mdogo’ lilidondoka lenyewe alipoanza kusema. Sijajaliwa mtoto mwingine.

Nyanyake mzaa baba anaishi Taita, milimani upande wa Wundanyi. Siku tuliyomzika dadangu, mama huyo aliniomba jambo moja tu.

“Mwanangu, mlee wewe, sina neno. Lakini kila Desemba niletee nimwone.”

Nilimwahidi. Desemba ya kwanza nikasema mtoto ana malaria. Ya pili nikasema nauli imepanda. Ya tatu nikabadilisha nambari ya simu.

Mama yule hakunikasirikia. Kila mwisho wa mwaka alimtumia kaka yangu leso moja ya mtoto, ikiwa imekunjwa ndani ya gazeti. Nilizipokea na kuzitia kwenye sanduku chini ya kitanda changu.

Mtoto alipokuwa na miaka saba, aliniuliza watu wa kwa baba yake wako wapi. Nilimwambia wapo mbali, na kwamba hawajawahi kumwulizia.

Sikusema hivyo kwa kumchukia. Niliuza cherehani ya marehemu mamangu nikamlipia karo. Nilikesha naye hospitalini alipougua nimonia. Usiku mmoja, kabla sijaibadilisha ile nambari, nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake nikimkanda kwa kitambaa cha maji, homa ikiwa imepanda. Simu ikalia. Niliona ni Taita inayopiga. Niliizima, nikaendelea kumkanda.

Mikono ni ile ile. Ndiyo maana nilishindwa kumjibu mtoto jikoni.

Niliogopa kwamba akiwaona watu wenye damu ya babake, atagundua kwamba mimi ni wa kuazima. Niliogopa watamtaka abaki. Nikajenga ukuta wangu taratibu, tofali moja kila Desemba, na nikauita ukuta huo malezi.

Leso tisa

Mwisho wa hadithi ya Mfaransa yule ndio ulionisumbua zaidi. Mlezi wake alikuwa amekosea sana, kuliko mimi pengine. Lakini aliwahi kabla watoto hawajafa. Hakungoja mwana amtoroke ndipo atubu, wala hakuomba asifiwe kwa kutubu. Alileta gari tu.

Jumamosi iliyofuata nilimwita binti yangu chumbani kwangu. Nilivuta sanduku, nikazitandaza zile leso kitandani. Nyingine zilikuwa ndogo mno, za mtoto wa miaka mitatu. Nikamweleza kila kitu, kuanzia siku ya mazishi.

Alizihesabu kwa kidole. “Tisa,” akasema.

Kisha akaniangalia. “Ulisema hawajawahi kuniulizia.”

“Nilikudanganya, mwanangu. Niliogopa wangekuchukua.”

Hakulia. Alikunja leso zote upya, akazibeba hadi chumbani kwake, akafunga mlango. Kwa siku tatu alinisemesha kwa salamu tu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nami nililia peke yangu jikoni, mbele ya sufuria.

Siku ya nne alikuja tena akaegemea ule mlango.

“Kwa hivyo Gothel alimpenda?”

“Pengine alimpenda,” nikamjibu. “Na alimdanganya. Kupenda kwake hakukufanya uongo uwe ukweli.”

“Basi angefanya nini?”

“Angejenga mlango mnarani. Halafu angevumilia.”

Jioni hiyo nilipata nambari ya Taita kutoka kwa kaka yangu. Nilipopiga, sauti ya mama yule ilikuwa imezeeka. Nilianza kujieleza, nikakwama. Akanikatiza kwa upole.

“Mwanangu, mtoto yu hai? Anakula? Basi mengine tutazungumza ukija.”

Likizo ya Aprili tulishuka pamoja hadi Nairobi, tukapanda treni ya SGR hadi Voi, kisha matatu ya kwenda milimani. Nilikaa siku mbili, nikayasema ya kusemwa, nikaomba msamaha mbele ya wazee. Nikamwacha huko na kurudi peke yangu, kwa kuwa yeye mwenyewe aliomba kubaki hadi shule zifunguliwe. Nilipokuwa napanda matatu nilimpungia mkono. Alikuwa tayari amegeuka akimfuata nyanyake nyuma ya nyumba kuona mbuzi.

Sitamdanganya msomaji kwamba sikuumia. Nyumba ilikuwa kubwa usiku huo. Niliweka simu kando ya mto, nikaitazama kama yule ajuza aliyesimama chini ya dirisha akingoja nywele ziteremshwe.

Ililia siku ya pili, saa tatu usiku.

“Mama, nyanya ana picha ya baba ukutani. Nina pua yake.”

“Najua,” nikasema. Nilikuwa nimejua kwa miaka kumi.

Akanyamaza kidogo. “Huku kuna baridi sana.”

Nikamwambia ajifunge leso mbili.